Spika za Bibi Zilivyoutoa Mtaa Mzima Nje na Taka

Niliwahi kuutoa mtaa mzima nje ya nyumba zao, wazee kwa watoto, kila mtu na mfuko wa taka mkononi, mchana kweupe, siku ambayo gari la taka haliji.

Sikumtishia mtu. Nilitumia spika mbili za kompyuta, za plastiki, ambazo umri wake unakaribiana na wangu.

Mpaka leo ukoo wetu ukikutana mezani lazima wabishane nani alikimbia wa kwanza siku ile. Kila mmoja anamtaja mwenzake. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Naitwa Teng. Naishi mji wa Tainan, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu, nguo zako ndizo zinazonukia. Nyumba ni ya Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu wana duka la matairi mji wa Kaohsiung, mimi nilibaki na Bibi tangu nasoma. Mwanzoni alikuwa ananilea yeye, baadaye hata sijui nani alikuwa anamlea nani.

Sasa, kwetu hakuna mambo ya kuweka taka nje ukarudi kulala. Gari la taka linapita jioni likipiga wimbo wake, na wewe mwenyewe unatoka mbio na mfuko wako unalitupia. Likikupita, utalala na vichwa vya samaki wako.

Ndiyo maana mtu wa kwetu anaweza asisikie simu, asisikie mkewe anavyomwita, lakini ule wimbo atausikia akiwa bafuni na sabuni machoni. Gari haliji Jumatano na Jumapili tu. Siku zingine zote, wimbo ukilia, miguu inaondoka.

Na Bibi yangu ndiye alikuwa polisi wa foleni ile.

Hakuna aliyempa hiyo kazi. Alijipa. Anasimama mwanzoni mwa kichochoro, anafungua mifuko ya watu anakagua kama umetenganisha.

"Mei-tao, hii chupa inafanya nini na maganda ya viazi? Wameoana?"

Shangazi Mei-tao ni jirani yetu wa mbele, anauza tambi. Anamjibu, "Dada, taka zangu zina heshima kuliko mdomo wako." Wanacheka mpaka dereva anapiga honi. Ilikuwa hivyo kila jioni, miaka na miaka.

Halafu baridi ya mwaka mmoja ikaja, Bibi akaacha kutoka.

Ghafla tu. Akaniambia taka nipeleke mimi. Yeye akahamia juu kwenye kiti chake cha dirishani, anamenya karanga, anatazama kichochoro. Ukimsalimia, kimya. Ukimuuliza kama atakula, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kama ameshiba, anaitikia vilevile.

Kitu pekee kilichobaki ni opera za kwetu, zile za zamani za kuimba na kulia. Marehemu Babu aliacha kompyuta, na Bibi alikuwa anajua kubonyeza sehemu moja tu ya hiyo kompyuta: pale opera inapoanzia. Akawa anafungulia sauti mpaka mwisho. Shangazi Mei-tao alikuja kuuliza kama tuna msiba.

Siku moja spika zikatoa moshi, zikanyamaza.

Bibi naye ndiyo akanyamaza moja kwa moja.

Baba mkubwa Jung-fa akapiga simu kutoka Taichung. Yeye ndiye mkubwa, akisema neno kwenye ukoo limepita.

"Teng, Mama akili imeondoka. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee huku. Jumatano nakuja na mtu wao ampime, tukimaliza tunaondoka naye."

"Baba mkubwa, Bibi hana shida. Ni spika tu zimeharibika."



"Mwanangu, unajisikia unachosema?"

Nilijisikia. Lakini niliamini, wallahi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: opera imeondoka na Bibi, opera ikirudi itarudi naye. Nilikuwa naogopa ile nyumba bila yeye kuliko ninavyoweza kukueleza. Nilikuwa na mpaka Jumatano.

Nikazifungua spika. Harufu ya kuungua ikanipiga usoni. Kipande cha amplifaya, kile kinachokuza sauti, kilikuwa kimepasuka katikati. Spika zenyewe nikazigusa waya kwa betri ya saa, zikajibu "tk". Maana yake koo zima, tumbo ndilo limekufa. Nikitafuta amplifaya nyingine nikaziungia, zinafufuka.

Jumapili asubuhi nikaenda gulioni kwa mzee Yen, yule anayetandika vyuma vyake chini kwenye turubai.

"Mzee, nataka amplifaya ya volti kumi na mbili. Ndogo."

"Ndogo ya nini? Chukua hii."

Akanipa bodi kubwa kama sahani, imeshika masizi.

"Imetoka wapi?"

"Kwenye gari la manispaa."

"Gari gani?"

"Gari, kijana. Lina magurudumu."

"Inafanya kazi?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Hii imefanya kazi kila siku, mvua, jua, kimbunga. Wewe je?"

Nikacheka, nikabeba. Kwa mikono yangu miwili nikabeba balaa langu mpaka nyumbani.

Jumatatu na Jumanne nikitoka kazini nilikuwa mezani na chuma cha kulehemu. Bodi haikuingia ndani ya spika, nikaifunga nje kwenye mfuniko wa kopo la biskuti ili ipate kupoa. Juu yake kulikuwa na kijibodi kingine kidogo kimepachikwa. Sikujua ni cha nini. Nikasema walioweka wana akili zao, nikakiacha.

Jumatano mchana namalizia waya za kitufe cha sauti, nasikia mlango. Baba mkubwa kafika mapema. Hata kujaribu sikujaribu.

Alikuwa amevaa suti. Nyuma yake dada mmoja mpole, dada Wen wa ile nyumba ya wazee, ana kikombe cha karatasi cha chai ya maziwa alichokwisha kukimaliza. Tukapanda juu. Bibi yuko kwenye kiti chake, ametupa mgongo, uso dirishani, anamenya karanga.

"Bibi, shikamoo," dada Wen akasema kwa ile sauti ya chini ya watu wa hospitali. "Leo ni siku gani?"

Karanga moja. Karanga ya pili.

"Bibi, huyu aliyekuja na mimi ni nani?"

Kimya. Baba mkubwa akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyenishinda, yalikuwa mekundu. Begi la Bibi alikuwa ameshaliweka mlangoni.

"Ngojeni," nikasema. "Nipeni nafasi kidogo tu. Akisikia opera yake mtaona."

Nikaweka spika kwenye meza ndogo pembeni ya kiwiko cha Bibi, karibu kabisa na sikio. Nikafungua dirisha hewa iingie. Nikabonyeza opera kwenye kompyuta, nikapitisha waya wa umeme nyuma ya kabati, nikachomeka.

Haikulia opera.

Ulilia wimbo wa gari la taka.

Na haukuanza taratibu. Ile bodi ilizoea kuamsha kata nzima, sasa imefungiwa kwenye vispika viwili vya kompyuta, vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka. Kumbe kile kijibodi ndicho kilichokuwa kimebeba wimbo. Gari la manispaa, lina magurudumu. Mzee Yen hakunidanganya hata neno moja.

Nikarukia kitufe nipunguze. Sauti ikaongezeka. Nikapunguza zaidi, ikaongezeka zaidi. Nilikuwa nimeunga waya za kitufe kinyume.

"Baba mkubwa, chomoa hapo nyuma ya kabati," nikapiga kelele.

Baba mkubwa alikuwa ameshasimama, lakini hakuwa ananitazama mimi. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Gari," akasema.

Akainama, akabeba pipa la taka lililokuwa chini ya meza, akashuka ngazi mbio na viatu vyake vya suti. Huyu mtu anakaa ghorofani Taichung, taka zao wanaacha chini kwa mlinzi. Ana miaka na miaka hajalikimbilia gari. Miguu yake ilikumbuka peke yake.

Dada Wen akatazama kikombe chake kitupu. Akatazama mlango. Naye akaondoka.

Mimi nikalala chini, nikaingiza mkono nyuma ya kabati, nikavuta waya. Kimya. Jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji.

Nikachungulia nje, nikakuta kimenuka.

Kichochoro kimejaa. Shangazi Mei-tao ana ndoo ya mabaki ya chakula, mchuzi unachuruzika mpaka kwenye kandambili. Kuna baba mmoja ana povu la kunyolea nusu ya uso. Kuna kijana ana kiatu kimoja. Katikati yao Baba mkubwa na suti yake, amekumbatia pipa. Wote wanatazama kona.

"Limeenda wapi?"

"Nimelisikia hapa hapa."

"Limegeuza?"

"Litageuzia wapi hapa, wewe?"

Mmoja akakimbia mpaka barabara kubwa, akarudi anahema. Hakuna gari. Hakuna hata mmoja aliyesema leo ni siku gani. Nikajificha nyuma ya pazia na kuomba waingie ndani wenyewe, wasahau.

Ndipo nikageuka nikaona kiti hakina mtu.

Karanga ziko palepale. Bibi hayupo. Bibi ambaye tangu baridi hajashuka zile ngazi.

Nikakimbilia ngazi. Nilipofika chini alikuwa ameshatoka mlangoni, amesimama wima, mfuko wake wa taka mkononi umefungwa vizuri kwa fundo. Mtaa wote ukamtazama.

"Leo Jumatano," akasema.

Macho ya watu yakashuka kwenye mifuko yao.

"Jumatano gari haliji. Haliji Jumatano tangu huyu Jung-fa wangu hajaota hata ndevu. Nyie watu mna wazimu?"

Watu wakaanza kutazamana. Yule wa povu akajifuta.

Bibi akaweka mfuko wake chini, akamwendea Baba mkubwa, akafunua pipa. Ndani yake kulikuwa na maganda ya karanga, na juu yake ile amplifaya iliyoungua niliyoitupa.

"Chuma na maganda. Pamoja." Akamtazama mwanawe mwenye mvi. "Nimekulea hivi?"

"Hapana, Mama," Baba mkubwa akasema.

Akahamia kwa dada Wen, akachukua kile kikombe, akang'oa mfuniko wa plastiki, akampa mkono huu mfuniko na mkono huu karatasi. Kisha akamwambia Shangazi Mei-tao kwamba mchuzi wake umepungua ubora, siku hizi hata nguruwe wanaolishwa mabaki yetu watagoma.

Dada Wen alibaki na mikono yake miwili hewani.

"Kaka Jung-fa," akasema taratibu, "siku ameijua, mwanawe amemjua. Sisi ndio hatukuijua siku."

Hapo nikajitokeza. Nikasema ukweli, kwamba ni mimi, ni spika, ni amplifaya. Shangazi Mei-tao akainua ndoo.

"Teng, naapa nakumwagia."

"Mwagia, Shangazi. Lakini Bibi ametoka nje." Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, sioni aibu kusema. "Mnaona? Nilisema ni spika. Wimbo umemtoa."

Nikamwambia Bibi, "Wimbo umekutoa, eh?"

Hakunijibu. Alikuwa anakagua mfuko wa mtu. Nikamgusa bega, akanigeukia, nikarudia.

Akanitazama midomo, akakunja uso.

"Wimbo gani?"

Nikamtazama dada Wen.

Dada Wen akaweka karatasi na mfuniko chini. Akaja nyuma ya Bibi, akapiga makofi kwa nguvu karibu na sikio lake. Njiwa wakaruka juu ya paa. Mtoto wa jirani akalia.

Bibi akaendelea kufungua mfuko.

Zile spika zilikuwa sentimita chache kutoka kichwani mwake. Vioo vilitetemeka. Na mimi katika kuhangaika kwangu sikuona kwamba mtu pekee ambaye hakushtuka kwenye chumba kile alikuwa mwenye spika. Sauti mpaka mwisho. Kuitikia kila swali kwa kichwa. Hata moshi wa spika, alikuwa ameziunguza mwenyewe akitafuta opera ambayo haimfikii.

Baba mkubwa akatua pipa, akasimama mbele ya mama yake, akainama uso kwa uso.

"Mama. Hunisikii?"

"Nasikia ninachotaka."

"Mama."

Bibi akatazama chini.

"Sasa ulijuaje watu wametoka?" nikamuuliza, neno moja moja.

"Nina macho. Nimeona mwanangu anakimbia na pipa ndani ya suti. Nikajua kuna jambo."

"Na mfuko?"

"Ukiona watu wote wanakimbia na taka, beba zako kwanza. Utauliza baadaye."

Watu wakacheka, lakini Shangazi Mei-tao hakucheka. Alikuwa ameshusha ndoo, amesimama mbele yake.

"Dada, tangu lini?"

"Tangu baridi." Bibi alisema bila kumtazama. "Nililikosa gari. Nikatoka kumbe limeshapita, barabara tupu, nimesimama na mfuko, na wewe unanitazama dirishani. Kesho yake tena. Mtu anayekagua taka za watu hakosi gari. Nikasema basi, nikae ndani."

Shangazi Mei-tao akamgeuza uso. "Mimi nikajua umenichukia. Nakuita kila jioni hapa chini, hunijibu."

"Ulikuwa unaniita?"

"Kila jioni, mjinga wewe."

Wakashikana mikono pale katikati ya kichochoro, na mchuzi wa mabaki umewazunguka miguuni. Baba mkubwa akageukia ukutani akajifanya anafuta kiatu.

Begi la Bibi likashuka kweli siku ile, likaingia kwenye gari la Baba mkubwa. Lakini halikwenda Taichung. Walikwenda kwa daktari wa masikio, na jioni likarudi.

Vipimo vikachukua muda, kisha akapewa kifaa cha kuvaa sikioni, kidogo kama punje ya karanga. Nikamuuliza daktari ndani kuna nini. Akasema hakuna maajabu, kuna maiki, kuna amplifaya na kispika. Nilikaa kwenye ile benchi nikajicheka. Amplifaya ilihitajika kweli, ila nilikuwa nimefungua sanduku silo.

Tulipofika nyumbani nikamwekea opera kwenye zile spika zangu, nikiwa nimeshang'oa kijibodi na kugeuza waya za kitufe. Akasikiliza kidogo tu.

"Teng."

"Naam, Bibi."

"Zima. Zinakoroma."

Jioni ile alisikia gari kabla yangu. Mimi sikuwa nimesikia kitu, yeye ameshainua kichwa. Kisha wimbo ukasogea, ukaingia kwenye kona yetu, na Bibi akasimama katikati ya sebule na mfuko mkononi, machozi yanamtiririka. Sijawahi kuona mtu analilia wimbo wa gari la taka.

"Ndilo lile," akasema.

Halafu akajifuta na kiganja. "Mbona umesimama? Beba ndoo."

Sasa wewe uliyenisoma mpaka hapa. Kama nyumbani kwenu kuna mzee ameanza kunyamaza, usiwe mwepesi kama Baba mkubwa kusema akili imeondoka, wala usiwe mwepesi kama mimi kushika bisibisi. Kaa mbele yake, auone mdomo wako, umuulize anasikia nini. Sisi tulimpoteza Bibi msimu mzima, naye yuko chumba cha juu anatutazama.

Ile bodi bado ninayo, iko chini ya kitanda na kijibodi chake. Shangazi Mei-tao ameniapisha nisiichomeke tena, na mtaa mzima umeshatangaza kwamba haudanganyiki mara ya pili.

Mwezi uliopita nikaijaribu kidogo tu. Ilikuwa Jumapili.

Walitoka wote. Wa kwanza alikuwa Bibi.